Siku Tatu za Kumuuliza Mungu

Juma lililopita tulimzika Banza, na pale kaburini mchungaji mmoja kijana, mwenye sauti nzuri na suti nzito isiyofaa kwa jua la Kamina, aliwaambia waombolezaji kwamba viongozi wa zamani walikuwa wakisikia sauti ya Mungu waziwazi, kama sisi wa leo tunavyosikia redio. Watu wakaitikia amina. Kisha akanielekezea mkono mimi, mzee niliyekaa kwenye kiti cha kuazima, akasema huyu hapa ndiye aliyebaki, yeye na marehemu ndio walioliongoza kanisa la kambi ya reli mwaka ule misioneri alipokwenda likizo kwao Ulaya. Amina ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Nilitaka kuinuka nimkatize. Sikuinuka, maana siku ya mazishi ni ya marehemu, na magoti yangu hayakubali tena kuinuka kwa hasira. Lakini nilirudi nyumbani nimenuna, nikakataa chakula, na mjukuu wangu aliponiuliza kama ni huzuni nilimjibu ndiyo, ingawa ilikuwa aibu. Ndani ya chumba ambamo Mungu alisemekana kutujibu tulikuwa wawili tu, mimi na Banza. Sasa nimebaki peke yangu, na nikifa bila kusema, maneno ya yule kijana ndiyo yatakayokuwa habari yetu.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Wao hawana kosa katika jambo hili. Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa stoo ya vipuri kwenye depo ya mashine, sijaoa, na nilisoma Biblia haraka kuliko mzee yeyote wa kanisa letu. Nadhani hiyo ndiyo sababu misioneri alinichagua, kwa kuwa wazungu wa wakati ule walichanganya kusoma haraka na kuelewa. Alinikabidhi ufunguo wa kanisa na daftari la majina ya washirika, akaniwekea mkono kichwani mbele ya watu wote, na asubuhi ya kuondoka kwake, akiwa amekwisha kupanda ngazi ya behewa, aliniambia kwamba nikikwama niombe mpaka Mungu anijibu, na akisha kunijibu nisisitesite. Treni ikaondoka. Nilisimama pale kwenye plateforme ya stesheni na koti langu la kuazima, nikajiona mtu mkubwa. Nasema hivyo bila kujionea huruma. Nilijiona mkubwa kabisa.

Kambi yetu ilikuwa mistari ya nyumba za matofali, zote mlango mmoja, dirisha moja na jiko la nyuma, kiasi kwamba mlevi angeweza kuingia kwa jirani na kulala bila kugundua. Tulitoka pande zote: Baluba wa huku kwetu, Basonge, Batetela, watu wa Kasai, wengine wa mbali zaidi, na kilichotuunganisha ni king'ora cha depo na Kiswahili chetu cha kuchanganya. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa Kalenga, shofa wa mashine, yaani yule anayelisha makaa na kumsaidia dereva kutazama njia, pamoja na mke wake Numbi na watoto wao wawili. Numbi alinizidi miaka kama kumi. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita mudogo yangu, na kila Jumapili baada ya ibada nilikula kwake kwa sababu hakuvumilia kumwona kijana asiye na mke akitafuna mkate na sukari. Nakumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala mwenyewe: meza ya mbao za kreti, pazia la maua mekundu, taa iliyoning'inia juu ya picha ya kalenda. Bukari, yaani ugali, alilisonga gumu, kama wanavyolipenda wanaume wa mashine, akaleta sombe, majani ya muhogo, iliyopondwa laini na samaki wakavu ambao mama yake alimpelekea kutoka Kinkondja, kijiji chao kando ya mto, kwa mkono wa mabawabu wa treni. Kalenga alikula kimya, akifumba macho mara kwa mara. Nilidhani ni uchovu wa moshi na makaa.

Numbi ndiye aliyefundisha wanawake kusoma. Alasiri, siku mbili kwa juma, walikaa kwenye mkeka mpana katika chumba cha pembeni cha kanisa, watoto mgongoni, na kutoka stoo nilisikia wakirudia silabi kwa sauti. Kwa kweli yeye ndiye aliyelichunga kanisa lile, mimi nilikuwa na ufunguo. Wanawake walimpelekea magomvi yao kabla hayajanifikia, na mengi hayakunifikia kabisa. Wala hakuniogopa. Jumapili moja, nikiwa bado nina jasho la mahubiri, alinipakulia sombe akasema, "Mudogo yangu, leo ulihubiri muzuri, lakini ulizunguka sana mbele ya kufika. Bantu banatoka kazi, banachoka." Kalenga akacheka, nami nikacheka. Lakini neno lile lilinichoma, na nililibeba juma zima. Naliandika kwa sababu baadaye, nilipojitafuta moyoni kwa unyofu, nililikuta bado liko pale.

Uvumi ulianzia bombani, mambo ya kambi yalikoanzia yote. Nilikuwa nimepanga foleni na ndoo yangu asubuhi ya Jumatatu, wanawake wawili mbele yangu hawakuniona, au waliniona. Mmoja, mke wa Banza, alisema kwamba Ramazani, yule mfanyabiashara wa vitambaa, amekuwa akiingia kwa Numbi. "Bwana yake iko kwa ligne ya treni, na ule Mungwana njo anaingia," alisema. "Pazia inashuka. Mara tatu sasa, na mchana kabisa." Bangwana ndilo jina tulilowaita Waislamu wa Maniema, watu waliofika Kamina wakifuata njia za biashara za babu zao. Ramazani alikuwa mzee wa makamo, mwenye duka karibu na soko, mpole, asiyepandisha sauti hata kwa wadaiwa. Nilijaza ndoo, nikaondoka bila kusalimu. Kabla ya Jumatano kambi nzima ilikuwa ikihesabu Ijumaa ambazo Ramazani alionekana, kwa kuwa alikuja Ijumaa, akitoka kuswali, na Ijumaa Kalenga alikuwa njiani kuelekea Bukama.

Banza alikuwa mzee wa kanisa, mwenye miaka ishirini na minane, fundi wa karakana, mtu wa haki kwa namna yake. Hakumchukia Numbi. Aliogopa tu fedheha, na hofu ya namna hiyo niliijua, maana nami nilikuwa nayo. Alinijia stoo akaniambia, "Kiongozi, kama tunanyamaza, bantu batasema kanisa inaficha mambo. Batasema ni sababu unakulaka kwake." Hapo akanigusa penye donda. Na ili asomaye aelewe kilichokuwa mezani: kwetu aliyeonekana na kosa la ndoa alikaa benchi la nyuma miezi mingi, hakushiriki meza ya Bwana, hakufundisha. Kwa mwanamume ilikuwa aibu ya kupita. Kwa mwanamke wa kambi ilikuwa jambo jingine, kwa sababu nyumba ilikuwa ya mume kwa ajili ya kazi yake, na mume ambaye kanisa limemtangazia kosa la mkewe alitegemewa na ndugu na majirani kumrudisha kwao. Nikisema ana kosa, Numbi angepoteza nyumba, darasa, na mtoto mmoja au wote wawili. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Sitakubali mtu anitetee kwamba nilikuwa mdogo nisijue.

Kikao cha wazee kiligawanyika sawasawa. Wengine walisema tungoje misioneri, na hiyo ilikuwa miezi minane. Wengine walisema tumsikilize Kalenga akirudi, maana kwa desturi ya kikao chetu mwanamke wa ndoa alisemewa na mume wake, yeye mwenyewe hakuitwa. Wote wakanitazama. Nikawaambia, kwa sauti ya kuigiza ile ya misioneri, kwamba sitaamua kwa akili ya mwanadamu. Nitafunga siku tatu, nimuulize Mungu, naye atasema. Nilipenda jinsi walivyoinamisha vichwa. Leo nikisikia kiongozi akisema maneno kama hayo huwa namtazama mikono, sijui kwa nini, labda nataka kuona anaiweka wapi.

Nikafunga kweli. Nilikunywa maji tu, nilikwenda kazini, nikarudi, nikajifungia. Niliomba kwa machozi, na machozi yale hayakuwa ya uongo, hilo ndilo linalonitatiza hadi leo. Siku ya pili alasiri mlango ukabishwa. Alikuwa Numbi, amevaa kitenge chake cha ibada ingawa ilikuwa Ijumaa, hana mtoto mgongoni. Nilifungua nusu. Akasema, "Mudogo yangu, niko na neno. Iko ya masikio yako tu, haiko ya kikao." Nilitazama nyuma yake barabarani, mke wa jirani alikuwa ameacha kufagia. Nikafikiria mlango wangu, mwanamke huyu ndani, na bombani kesho yake. Nikamjibu, "Yaya, niko mbele ya Mungu. Ngoja anijibu kwanza." Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, alinitazama jinsi mtu anavyotazama mto kujua kama utavukika. Kisha akasema, "Bon. Minyi nitangoja," akashuka ngazi. Nilifunga mlango na kupiga magoti palepale nilipoachia, na nilijisikia mtakatifu kwa kuwa nimemshinda mtu aliyetaka kunikatiza maombi.

Jioni ile ile Ramazani alimtuma mtu wa dukani mwake kuniuliza kama angeweza kuja kuongea nami, au mimi niende kwake, mahali popote ninapoona panafaa. Nilimrudisha na jibu kwamba mambo ya kanisa hayamhusu. Kwa hiyo tayari ni wawili walionijia na jibu mkononi, na wote niliwarudisha huku nikimngoja Mungu. Sijui Mungu alitaka nifunguliwe milango mingapi.

Siku ya tatu, Jumamosi, saa sita mchana, Banza alikuja kuomba pamoja nami katika kile chumba cha pembeni. Bati lilikuwa likilia kwa joto. Alama za silabi za Numbi zilikuwa bado ubaoni. Tulipiga magoti kwenye mkeka, tukitazamana, tukaweka Biblia katikati, kila mmoja vidole juu yake, kama watu wanaoapa. Hapo lazima nieleze kitu ambacho msomaji wa mbali hakijui. Katika nchi yetu ya Baluba, aliyetaka kujua nani amemletea ugonjwa au nani amemwibia alikwenda kwa mganga, naye alitoa kijimti kilichochongwa, chenye tundu la kutia vidole, kinachoitwa kashekesheke. Mganga akashika upande huu, mwenye shida upande ule, wakakisugua mkekani huku wakiuliza. Kikienda na kurudi, jibu ni hapana. Kikizunguka, ni ndiyo. Jina lake ni ile sauti yenyewe inayotokea mkekani. Misioneri alichoma kapu zima la vitu hivyo mbele ya kanisa, na mimi nilibeba kuni. Lakini utotoni, kabla ya shule, nilisimama mara nyingi penye mlango wa mganga nikatazama mikono miwili ikienda na kurudi, na Banza vivyo hivyo. Hakuna mtoto wa kwetu ambaye hakutazama.

Tuliomba muda mrefu. Sikuwa na kitu tumboni, mikono ikaanza kutetemeka, na Biblia ikatetemeka nayo. Kisha ikasogea kidogo kwenye mkeka na nikaisikia ile sauti, she, she, she. Nikafungua macho. Banza alikuwa amefungua yake. Tulitazamana na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Ilitosha mmoja wetu kuinua vidole. Hakuna aliyeinua. Biblia ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, nami nikasikia sauti yangu ikisema, "Bwana, kama Numbi iko na kosa, utuonyeshe." Ikaenda na kurudi mara nyingine kadhaa. Halafu ikageuka, ikaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa nguvu, mpaka jalada likakwaruza mkeka na vidole vyangu vikauma. Banza akaanza kulia na kusema asante. Mimi nikasema amina.

Kwa miaka zaidi ya arobaini nilijiambia kwamba Banza ndiye aliyesukuma. Nilimsamehe moyoni, nikajisifu kwa kumsamehe. Tulifanya kazi pamoja, tukaozesha watoto, hatukutaja chumba kile hata mara moja. Majuma mawili kabla hajafa nilikwenda kumwona, na watoto wake walipotoka akaniambia kwa pumzi fupi kwamba kuna jambo amelikalia siku nyingi, kwamba yeye siku ile hakuisukuma Biblia, aliifuata tu, na kwamba alikwisha kunisamehe. Nilimwambia nami nilikuwa nikiifuata tu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, nina hakika. Na Biblia haikuzunguka yenyewe.

Kalenga alirudi kutoka njiani Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi, kabla ya kengele, tulimwita mbele ya wazee, nikamweleza jinsi nilivyofunga na kwamba Mungu ametujibu mbele ya mashahidi wawili. Sikueleza namna. Nikamuuliza kama ana neno la kumsemea mke wake. Alisugua macho kwa kiganja, akasema, "Kama Mungu amejibu, minyi nitasema nini." Nilidhani ni uchungu wa mume aliyesalitiwa, nikamhurumia.

Katika ibada nilisimama nikatangaza. Nilisema maneno machache safari hii, sikuzunguka. Numbi alikuwa benchi la mbele la wanawake. Alimtafuta mumewe kwa macho upande wa wanaume, akamwona amejiinamia, akangoja kidogo kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Kisha akanitazama mimi. Akachukua kitabu chake cha nyimbo, akamshika mtoto mkono, akatembea katikati ya kanisa mpaka benchi la nyuma, akakaa. Tulipoimba, sauti yake ilitoka huko nyuma, sawasawa, bila kutikisika, na wanawake wa mbele walipoteza wimbo kwa sababu walikuwa wamezoea kumfuata. Siku nne baadaye Kalenga alimpandisha treni ya Bukama pamoja na mtoto mdogo. Mkubwa alibaki. Jumapili iliyofuata nilikula mkate na sukari, na chumba cha pembeni alasiri kilikuwa kimya, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyetaka kukaa mahali pa Numbi.

Miezi mitatu ikapita, na katika miezi hiyo nilisifiwa. Wazee walinisikiliza zaidi, watu walishusha sauti nikipita. Nami nililala vibaya, nikajiambia ni shetani.

Halafu, asubuhi moja ya ukungu, treni ya mizigo ambayo Kalenga alikuwa shofa wake iliingia kwenye kona karibu na kituo kidogo cha njiani. Kwenye kona ile dereva haoni ishara, ni upande wa shofa unaoona, naye ndiye anayepaza sauti kusema njia iko wazi au imefungwa. Kalenga alisema iko wazi. Ilikuwa imefungwa. Mashine iligonga mabehewa ya mahindi yaliyosimama, dereva akaungua miguu yote miwili, na mshika breki akavunjika bega. Hakufa mtu. Daktari alimkalisha Kalenga mbele ya karatasi ya herufi na kukuta kwamba jicho la kushoto halioni kitu na la kulia linaona vivuli. Kazi ikaisha, na nyumba pamoja nayo.

Alikuja kwangu siku ya kufunga mizigo yake, akipapasa ukuta, mtoto amemshika kidole. Hakukaa. Alisema, "Njo macho. Ule mzee Ramazani alikuwa analeta dawa ya macho yangu. Minyi njo nilimukataza Numbi kusema." Kisha akanieleza yote akiwa amesimama. Macho yalianza kuziba mwaka mzima nyuma. Angekwenda kwa daktari wa reli, angetolewa kwenye mashine siku hiyo hiyo. Ramazani alikuwa na dawa ya kudondosha ya wazee wake, nayo ilikuwa mbichi, ikitengenezwa kila Ijumaa, na pamoja nayo alimwandikia maneno ya Kurani kwenye sahani, wino ukaoshwa kwa maji, maji yakawekwa mpaka Kalenga arudi ayanywe. Ndiyo sababu pazia lilishuka. Mwalimu wa wanawake wa kanisa akiosha Kurani kwenye sahani, tungemweka nyuma kwa hilo pia. Hata hivyo, juma lile la uvumi, kabla ya safari, Numbi alimwambia mumewe kwamba ataniambia mimi peke yangu, kwamba mimi ni mtu wa nyumbani, nitajua la kufanya, labda nitamtafutia Kalenga kazi stoo ambako macho hayahitajiki sana kabla mtu hajaumia. Na kwa kweli ningeweza. Palikuwa na nafasi ya kuchambua misumari. Alikuja, nikamwambia angoje. Aliporudi mume, akaambiwa kwamba Mungu mwenyewe amekwisha kusema, Kalenga akaogopa, akafikiri labda Mungu anawaadhibu kwa ile sahani, na akachagua mashine. Hilo ni lake. Yangu ni yale mengine yote.

Nilikwenda kwa Ramazani kwanza. Alinipa kiti, akaniambia alinitumia mtu, nikamwambia najua. Akaendelea kumpimia kitambaa mteja aliyekuwa akingoja kana kwamba mimi ni jamaa aliyepita tu, na upole ule ulinipiga kuliko matusi. Nikaomba siku za likizo, nikapanda treni mpaka Bukama, na kutoka Bukama boti la kushuka mto Lualaba. Safari nzima nilitunga maneno. Nilitunga jinsi nitakavyomwambia Numbi kwamba kanisa limefuta hukumu, kwamba nitatangaza mwenyewe mbele ya wote, kwamba arudi, darasa linamngoja. Yalikuwa maneno mazuri. Nahodha alituambia boti litashusha mizigo Kinkondja na kurudi juu alasiri ileile, na lingine halitakuwapo kwa siku nane.

Nilimkuta chini, karibu na maji, penye vichanja vya kukaushia samaki, moshi ukimpita usoni. Wanawake watano sita walikuwa wakipasua samaki pamoja naye, na alipokuwa akipasua aliwasomesha, alisema silabi, wao wakairudia bila kuinua macho kwenye visu. Hakushtuka kuniona. Aliuliza habari za mtoto wake mkubwa, nikamwambia yuko na baba yake kijijini kwao. Aliuliza macho ya Kalenga, nikamwambia. Akafuta kisu kwa jani. Kisha nikasema maneno yangu yote niliyotunga, jinsi Kalenga alivyonieleza, jinsi tulivyokosea, jinsi kanisa lote litakavyomwomba msamaha. Niliongea muda mrefu. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akasema, "Kumbe Kalenga njo alikuambia."

Nikasema ndiyo.

"Na kabla yake ni Mungu alikuambia."

Wanawake walikuwa wameacha kupasua.

"Weye uliuliza Mungu siku tatu," Numbi akasema, sauti yake ya kawaida ya mezani. "Minyi nilikuwa nyumba ya tatu. Sababu gani haukuniuliza minyi?"

Nikavua viatu, nikakaa chini kwenye mchanga na magamba ya samaki, nikamwambia, "Yaya, ilikuwa nini? Uniambie." Alinitazama tena kama alivyonitazama mlangoni. Halafu akaweka kisu chini, akaanza tangu mwanzo, tangu asubuhi ile Kalenga alipomwaga chai kando ya kikombe na kusema hakukiona, na mimi, niliyekwisha kujua habari yote, nilimsikiliza. Huko nyuma boti likapiga honi mara ya kwanza na mara ya pili. Akakatiza, akanitazama. Nikamwambia aendelee. Akaendelea, na boti likaondoka.